Anza na boksi: kabati la raki linalosafiri bapa na kufungwa na mtu mmoja

Swali huja kwa sura tofauti lakini ni lile lile. "Fundi, kabati la swichi nimeshalichomelea, nalifikishaje Kigoma bila kupinda?" Mwingine anauliza kama ni haki mtu wa mizigo kwenye basi kumtoza nauli ya abiria wawili. Mwingine ameshapeleka vipande, sasa mteja anampigia saa tatu usiku, bolti mkononi, hajui inaingia wapi. Nimejibu haya kwa ujumbe wa sauti mpaka koo limenikauka, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Tutachukua kabati moja na kulifuata mwanzo mwisho: la ukutani, U 12 (U ni kipimo cha kimo cha nafasi moja ya kifaa), la kuwekea ruta, swichi ya mtandao, pachi paneli (ubao wa matundu ya kuchomekea nyaya za mtandao) na rekoda ya kamera. Ni lile linalotakiwa mashuleni, kwenye zahanati na kwenye ofisi za SACCOS. Ukilielewa hili, la inverter au la vifaa vya redio ni kubadilisha vipimo tu.

Hesabu moja kwanza, ujue unachookoa. Likiwa limesimama, kabati lina upana wa milimita 600, kina 450 na kimo 640. Kwa sentimita, 60 mara 45 mara 64 ni 172,800. Kampuni nyingi za vifurushi hugawanya namba hiyo kwa 5,000 kupata kilo za kulipia, kwa hiyo utalipia kilo 34 na nusu, na hapo hujaongeza boksi. Chuma chenyewe ni kilo 23 hivi. Zilizobaki ni hewa. Likiwa bapa, yaani vipande vimelaliana bila kufungwa, boksi la sentimita 68 kwa 64 kwa 14 linatoa kilo 12 kwa hesabu hiyo hiyo, basi watakutoza uzito halisi, kilo 23, na wewe hudaiwi hewa ya mtu. Kwenye basi hakuna kikokotoo, kuna jicho la mpakizi, lakini jicho lake nalo hutazama ukubwa kabla ya uzito. Boksi bapa analichomeka pembeni mwa buti. Kabati lililosimama analiwekea magunia juu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Bati la chuma la futi 8 kwa 4, geji 18 (milimita 1.2). Kabati zima la vipimo hivi linatoka kwenye bati moja, na kinachobaki kinatosha rafu.
- Reli mbili za raki (zile zinazofungiwa vifaa), U 12. Nunua zilizokwisha tobolewa kama hujawahi kutoboa za kwako.
- Bolti za M6 urefu wa milimita 16, riveti nati za M6 (nati zinazobanwa kwenye tundu la bati zikabaki humo), keji nati (nati zenye kibanio, za kuchomeka kwenye matundu ya mraba ya reli), na wosha za meno.
- Mashine ya kukunjia bati, yako au ya jirani. Ukienda kwa jirani, nenda na mchoro uliokamilika, maana huko unalipia kila mkunjo.
- Kifaa cha mkono cha kubania riveti nati, drili, tepu, na kalipa (kipimio cha milimita).
- Mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu kabati hili. Huyu ni wa hatua ya 9, na ni muhimu kuliko drili.

Hatua

1. Chora boksi kwanza, kabati baadaye.
Wanaoanza wengi huchora kabati zuri, kisha wanatafuta namna ya kulikatakata. Geuza. Jiulize mzigo utapita wapi: kwenye kirikuu mpaka stendi, buti ya basi, labda bodaboda kilomita za mwisho, labda mgongoni kutoka kivukoni kama unapeleka Ukerewe. Kwa njia hizo, boksi lisizidi kilo 25 wala upande wa sentimita 70, ili mtu mmoja alibebe akilikumbatia ubavuni. Kabati lako likizidi hapo, ligawe kwenye maboksi mawili tangu kwenye karatasi, na hakikisha reli na bolti ziko boksi la kwanza.

2. Shika vipimo vya raki, hivyo havina mjadala.
Raki ya inchi 19 ina upana wa uso wa milimita 482.6. Nafasi wazi kati ya reli na reli isipungue 450. Kutoka katikati ya tundu la kushoto mpaka katikati ya tundu la kulia ni 465.1. U moja ni 44.45 kwa kimo, yaani U 12 ni 533.4. Matundu ya keji nati ni ya mraba, 9.5 kwa 9.5, na kila U ina matatu. Umbali kati yao kwenda juu ni 15.9, 15.9, kisha 12.7, halafu unarudia. Yale mawili yaliyokaribiana, ya 12.7, ndipo mpaka wa U moja na nyingine ulipo. Ukianzia tundu lisilo sahihi, matundu ya swichi hayatalingana na ya reli.

*Angalizo:* ukitoboa mwenyewe, pima kila tundu kutoka mwisho mmoja wa reli. Usipime tundu kutoka kwenye tundu lililotangulia. U 12 ina matundu 36; ukikosea nusu milimita kila mara kwa upande uleule, la mwisho limehama karibu sentimita 2.

3. Gawa vipande sita viingiane kama sufuria za seti.
Mgongo, mbavu mbili, paa, kitako, mlango. Kila kimoja ni sinia: bati lenye mkunjo wa milimita 25 pande zote. Siri iko kwenye kupishana kwa vipimo. Mgongo uwe mkubwa kuliko vyote, na mikunjo yake ikumbatie mbavu. Ubavu uwe mfupi kuliko mgongo kwa milimita 4 hadi 6. Hivyo ubavu unaolala ndani ya mgongo kwenye boksi ndio huo huo utakaokaa ndani yake ukutani. Umepata umbo la kabati na umbo la mzigo kwa mkunjo mmoja.

Mbavu zifanane. Usiwe na wa kushoto na wa kulia. Toboa matundu ya ubavu mmoja kiasi kwamba ukiugeuza juu chini unakuwa wa upande wa pili. Karakana inakata aina moja, mteja hana cha kuchanganya, na kikipotea kimoja unatuma chochote kilichopo.

Kuhusu kukunja: kila kona inakuachia kipimo cha nje kirefu kuliko ulichokata. Kwa geji 18 ni milimita 2 hivi kwa kona, lakini usiniamini mimi, iamini mashine utakayotumia. Kata kipande cha milimita 100, kikunje katikati, pima nje ya miguu yote miwili, jumlisha. Kinachozidi 100 ndicho cha kupunguza kwenye mchoro kwa kila kona. Dakika tano hizo zimewahi kuniokolea bati zima. Na siku niliyoziruka, zilinila bati zima.

4. Punguza aina za bolti mpaka ibaki moja.
Kabati langu la kwanza bapa lilikuwa na aina tano. Nilijiona mjanja: fupi kwa paa, ndefu kwa reli, skrubu za bati kwa kitako. Lilienda Kasulu. Jioni mteja akapiga.

"Fundi, hizi ndefu zimebaki nne, na fupi zimeisha."

"Mzee, umeweka wapi fupi?"

"Zilipokubali."

Ndefu moja ilikuwa imeingia mahali pa fupi, ncha ikatoboa ganda la waya wa umeme uliopita nyuma yake. Hakuna aliyeumia, ila tangu siku hiyo kila kitu kwenye kabati langu ni M6 ya milimita 16: paa, kitako, reli, hata bolti za keji nati. Chagua kichwa cha bisibisi ya nyota, kwa sababu spana ya pembe sita huipati dukani saa kumi na mbili jioni kijijini, ila bisibisi ya nyota kila nyumba yenye redio inayo.

Bolti zote zikazwe kutoka ndani, mlango ukifungwa zisifikiwe. Riveti nati hukaa kwenye kipande cha nje, yaani mgongo, paa na kitako, na bolti hupita kwenye mkunjo wa ubavu. Tumbo la riveti nati litatokeza nje sentimita moja hivi. Juu na chini halimsumbui mtu. Nyuma, nyanyua mgongo sentimita 2 kutoka ukutani kwa vipande viwili vya flatibaa (chuma bapa) vilivyokunjwa. Hewa nayo itapata njia.

5. Vipande vijishike vyenyewe kabla ya bolti.
Atakayefunga ana mikono miwili, na mmoja umeshika bisibisi. Kata ndimi mbili nyuma ya kila ubavu na matundu marefu kwenye mgongo, ubavu uchomekwe na ushuke milimita 15, kisha ujikalie. Ukiuachia na ukaanguka, ubunifu bado.

Hapa ndipo kabati bapa linalipita lile la kuchomelea hata kama usafiri ungekuwa bure. Mgongo peke yake ni mwepesi: mtu anauinua, anaweka alama ukutani, anatoboa, anaukaza kwa bolti nne za ukutani. Kisha anajenga lililobaki juu yake: kitako, mbavu, paa, reli, mlango. Hakuna anayening'iniza kilo 23 kwa mkono mmoja huku akitafuta penseli. Kama ukuta ni wa tofali la udongo, usidanganyane na mteja. Mpe miguu, lisimame sakafuni.

6. Acha nafasi ya rangi na ya mkono.
Rangi ya unga ya kuokwa ina unene wake na inaingia ndani ya matundu. Tundu la kupitisha M6 litoboe 7, si 6. Ya reli yafanye marefu, 7 kwa 11, ili reli isogezwe kidogo kutafuta ile 465.1. Riveti nati zibanwe baada ya rangi, vinginevyo hesi (mifereji ya ndani ya nati) itajaa na utakaa unaichokonoa moja moja.

7. Waya wa ardhi, hili usiliruke.
Kabati la kuchomelea ni chuma kimoja. Kabati bapa ni vyuma sita vilivyotenganishwa na rangi, na rangi haipitishi umeme. Waya wenye moto ukigusa mlango ambao haujaunganishwa na ardhi, mlango wote una moto na hakuna kikata umeme kitakachojua.

Chomelea bolti moja ya M6 mgongoni na moja mlangoni, na uzizibe kwa tepu inayostahimili joto kabla ya kupaka. Rangi hii huokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200, kwa hiyo tepu ya kawaida inayeyuka humo. Kila panapokutana vipande viwili, weka angalau wosha moja ya meno, meno yake yakwangue rangi pande zote. Mlango uwe na waya wake, wa kijani na njano, milimita 4 za mraba, wenye urefu wa kuruhusu mlango kufunguka wote. Usiitegemee bawaba. Mwishoni weka mita kwenye sauti, gusa bolti ya ardhi na kila kipande, ukikwangua rangi kidogo kama inabidi. Pasipolia, hujamaliza.

8. Hewa, mjusi na chumvi.
Matundu ya hewa chini na juu, kwa sababu joto hupanda. Nyuma ya kila tundu kubwa weka wavu. Mjusi anapenda joto la ruta kuliko wewe, na akikauka kati ya nyaya za umeme anaondoka na kifaa. Tundu la kuingizia nyaya liwe na mpira pembezoni. Ukipeleka Tanga, Mombasa, Zanzibar au popote unapousikia upepo wa bahari, tumia bati lenye zinki chini ya rangi. Kutu huanzia kwenye ukingo uliokatwa na kwenye matundu, si katikati ya bati.

9. Lifunge, lifungue, kisha mpe asiyejua.
La kwanza lifunge bila rangi. Pima kona kwa kona, halafu kona kwa kona nyingine: zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, mlango utagoma. Rekebisha mchoro, ndipo ukate mengine.

Kisha muite yule mtu wako. Mpe boksi, karatasi na bisibisi, ukae kimya. Kimya kabisa. Kila anapouliza, andika swali. Hilo ni kosa la mchoro, si lake. Mimi humtumia kijana wa duka la jirani kwa soda mbili. Mara ya kwanza alichukua saa moja na nusu na alifunga kitako juu chini. Nikahamisha tundu moja, kitako kikawa hakikubali kwa upande mbaya. Sasa anamaliza dakika 35 na soda bado anadai mbili.

10. Herufi kwenye chuma, picha kwenye karatasi.
Gonga A, B, C kwenye kila kipande kwa chapa ya chuma, mahali patakapofichwa. Stika hubanduka kwenye joto la buti. Karatasi iwe moja, picha kubwa, kila picha tendo moja, maneno machache ya Kiswahili cha kawaida. "Chomeka B kwenye A, shusha mpaka isimame" inatosha. Ibandike ndani ya mlango pia. Miaka miwili baadaye mtu mwingine atalihamisha.

11. Fungasha.
Mlango chini, uso wa rangi ukitazama ndani. Juu yake kitako na paa, kisha mbavu zikilala ndani ya mgongo. Reli zilale kwenye uwazi, zifungwe zisitembee, kwa sababu reli inayocheza kilomita elfu inachora kila kitu. Kadibodi kati ya kila rangi na rangi. Kona zote nne zikunjiwe kadibodi mara tatu: boksi huangukia kona, haliangukii tumbo. Bolti 20 na 3 za ziada kwenye mfuko mmoja mgumu, uliofungwa kwenye reli kwa waya, siyo kutupwa chini ya boksi. Mkanda wa plastiki mara mbili kila upande, na nje andika namba ya simu ya mpokeaji kwa maandishi ya kiganja kizima.

*Angalizo:* usiandike "Vioo" kwenye boksi la chuma ukidhani watalibeba kwa upole. Wapakizi wakishajua ni uongo, hata la vioo la mwenzako halitaheshimiwa.

Likikugomea

*Mlango unagusa chini au haufungi.* Mara tisa kati ya kumi kabati limekaa mshazari ukutani, si mlango mbovu. Legeza bolti za mbavu nusu mzunguko, sukuma kona ya juu mpaka vipimo vya kona kwa kona vilingane, kaza upya. Ukuta ukiwa umebinuka, weka wosha nyuma ya bolti moja ya ukutani.

*Bolti ya mwisho haifiki tundu lake.* Mteja amekaza zile za kwanza mpaka mwisho. Zote ziingizwe kwa vidole kwanza, ndipo zikazwe. Andika hili kwenye picha ya kwanza, si ya mwisho.

*Swichi inaingia upande mmoja tu.* Keji nati za kushoto na kulia haziko tundu moja. Hesabu kutoka chini, pande zote, kwa kutumia ile mipaka ya 12.7.

*Riveti nati inazunguka na bolti.* Tundu lilikuwa pana au haikubanwa vya kutosha. Kwa M6 nyingi tundu ni milimita 9, ila soma pakiti yako. Kwa mteja aliye mbali, aikaze kwa nati ya kawaida kwa nyuma; ndiyo maana kwenye ule mfuko huwa natupia nati mbili.

*Kabati linavuma usiku.* Ni bati la ubavu linalotetemeka na feni ya swichi. Kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kati ya ubavu na mkunjo wa mgongo kinamaliza kelele. Ila usikiweke kwenye bolti yenye wosha ya meno, maana utakuwa umeikata ile njia ya ardhi ya hatua ya 7.

*Limefika likiwa limepinda.* Kama ni mkunjo, unyooshwe kwa ubao na nyundo, usigonge chuma moja kwa moja. Kama ni mgongo uliojikunja katikati, usimwambie mteja alilazimishe. Tuma mgongo mwingine peke yake. Ni kipande kimoja bapa, na bodaboda ya kuutoa stendi inatosha.